Waa Jeusi la Unyayoni

Katika kitabu cha 3 cha Mose, sura ya 13, kuhani anaagizwa kulitazama waa lililotokea katika ngozi ya mtu. Hapewi ruhusa ya kuhukumu kwa haraka. Akiwa na shaka humtenga mtu siku 7, kisha hutazama tena, aone kama waa limeenea au limesimama palepale. Ugonjwa unaosemwa pale si huu wa leo. Lakini desturi ile ya kutazama mara ya pili yatufaa sana.

Karibu kila mtu ana mawaa meusi mwilini, na kwa kawaida hayana madhara. Ni chembe zitiazo ngozi rangi, zilizokusanyika mahali pamoja. Lakini chembe zizo hizo zaweza kuharibika na kuzaana pasipo kiasi, ikawa saratani iitwayo melanoma, ambayo hufika mapafuni, inini, hata ubongoni.

Matabibu wa Ulaya na Marekani huwafundisha watu wao kutazama mambo matano: kama nusu moja ya waa hailingani na ya pili, kama ukingo wake hauko sawa, kama lina rangi nyingi, kama limepita milimeta 6, yaani upana wa penseli, na kama linabadilika. Mafundisho hayo ni ya kweli, ila yalitungwa kwa ajili ya watu weupe, ambao jua huwadhuru. Kwetu sisi watu weusi melanoma ni ya nadra, na ikitokea hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Mtu aweza kujitazama katika kioo kila siku asiione. (Ndugu zetu wenye ualbino huugua sana saratani za ngozi kwa sababu ya jua, lakini nyingi ni za namna nyingine, hao wastahili somo lao wenyewe.)

Sasa geuza mguu, utazame unyayo wako. Utaona mistari kama shamba lililolimwa: matuta na mifereji. Mabingwa wa Japani, ambako pia melanoma hutokea sana nyayoni, walitambua kwa kioo cha kukuzia kwamba waa jema mara nyingi hutia rangi mifereji, bali melanoma hutia rangi matuta. Mkulima atalishika jambo hili upesi kuliko msomi! Hata hivyo jicho tupu halitoshi. Tabibu naye, kabla ya kusema neno la mwisho, hulikata waa au kipande chake likapimwa kwa hadubini.

Mistari myeusi katika kucha nyingi ni kawaida kwa watu weusi. Yenye mashaka ni ile ya ukucha mmoja tu, mstari unaopanuka, na zaidi sana weusi ukienea hata ngozi iliyo kando ya ukucha. Dalili hiyo ilielezwa na mpasuaji Mwingereza, Jonathan Hutchinson, mwaka 1886. Aliyejikwaa hupata damu chini ya ukucha; lakini damu husogea mbele ukucha unapokua, na nyuma yake hutokea ukucha safi. Weusi usiosogea usisingiziwe jiwe. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, alionekana na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981, mwenye umri wa miaka 36.

Mwaka 1970 Alexander Breslow wa Marekani alionyesha kwamba hatari hupimwa kwa unene wa melanoma ndani ya ngozi. Ikiwa chini ya milimeta 1, wengi hupona kwa kukatwa tu. Ikipita milimeta 4, hatari ni kubwa mno. Na watu wetu hukaa miezi mingi wakibandika majani na kuchokoa kwa sindano, wakisema ni mwiba au sugu.

Basi anayenawa miguu jioni atazame na nyayo. Mwalimu akionyeshwa waa lililotulia tangu zamani, alipime kwa rula, aandike kipimo na tarehe, alitazame tena baadaye. Lakini waa jipya la mtu mzima, au linalopanuka, au linalotoka damu, au kidonda cha unyayo kisichofunga, hata kikiwa chekundu, asikingojee: ampeleke mtu hospitali. Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, matabibu wa magonjwa ya ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1992. Wala asilichome waa kwa dawa, wala asilikate kwa wembe, maana likiisha kuharibiwa tabibu hapati cha kupima.