Kesi ya Bangi na Mkopo wa HELB: Mwanafunzi Ajue Nini?

Tuseme kijana wa Kiirua amepata nafasi katika chuo cha ufundi. Kabla ya siku ya kuripoti anashikwa na msokoto wa bangi, anafikishwa kortini na kutozwa faini. Je, amepoteza mkopo wa HELB?

La. Sheria ya 1995 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haimzuii mtu kuomba mkopo kwa sababu aliwahi kuhukumiwa. Chini ya mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023, kinachopimwa ni uwezo wa familia, wala si rekodi ya polisi. Huenda wanaosema kinyume wamesikia habari za Marekani. Huko, sheria ya 1998 iliwanyima msaada wanafunzi waliohukumiwa kwa dawa za kulevya, hadi Bunge lao lilipoiondoa Desemba 2020.

Hata hivyo, wazazi wasitulie mapema. Karo ya mkopo hulipwa moja kwa moja kwa chuo, na anayelipiwa ni mwanafunzi aliyesajiliwa. Aliyefukuzwa na kamati ya nidhamu, au aliye gerezani, hayumo. Kijana akizuiliwa, familia iandikie chuo upesi kuomba aahirishiwe masomo.

Jambo zito zaidi hutokea kizimbani. Vijana wengi husomewa shtaka na kujibu “ni kweli” ili walipe faini warudi nyumbani. Jibu hilo ni kukiri kosa, na hukumu inaweza kuonekana baadaye kwenye cheti cha maadili mema. Mkopo hauhitaji cheti hicho, lakini Tume ya Huduma kwa Walimu hukidai kabla ya kumsajili mwalimu, na waajiri wengi vilevile. Mtu anaweza kusomeshwa kwa mkopo, akamaliza, kisha akakosa kazi ya kuulipia. Basi kijana aombe kuzungumza na wakili kwanza. Katiba, Kifungu cha 50, inampa haki hiyo.

(Miraa haimo katika hesabu hii. Ni zao halali, na kuitafuna si kosa la jinai, ingawa chuo kinaweza kuipiga marufuku ndani ya ua wake.)

Kwa basari, fomu nyingi huwa na nafasi ya chifu kuthibitisha hali ya familia. Anachothibitisha ni uhitaji. Kwa maoni yetu, kesi iliyokwisha kortini haifai kufufuliwa kwenye fomu hiyo.

Aliye chini ya miaka 18 hushughulikiwa kwa Sheria ya Watoto ya 2022, na hafungwi gerezani. Kwa mtu mzima, korti inaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kutoa adhabu. Afisa huyo huja kuuliza nyumbani na kwa majirani. Aonyeshwe barua ya kujiunga na chuo na tarehe ya kuripoti, kwa maana korti inaweza kumpa kijana kifungo cha nje au huduma kwa jamii badala ya jela, naye akaendelea na masomo.