SOMO: Bushi ya Plastiki Inavyotengenezwa, na Jinsi Kamati Itakavyoikagua



Kutoka bonde la Mitema, Kitangari, maji husukumwa kupanda uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu maji ya ardhini yako mbali mno kwa pampu ya mkono, lakini mabondeni pampu ya Afridev, yenye uwezo wa kina cha mita 45 hivi, inafaa. Katika somo hili tunatazama kipuri chake kimoja, yaani bushi ya mpini, kwa sababu mara nyingi tunaulizwa kwa nini bushi mbili zinazofanana ziwe na bei tofauti.

Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 na kujaribiwa Kwale, Kenya, katika mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, ili wanakijiji waweze kuihudumia wenyewe kwa spana moja. Mchoro wake haumilikiwi na kampuni yoyote. Kiwanda chochote kinaweza kuutumia. Jambo hilo ni jema, ila si kila kiwanda huufuata.

Punje za plastiki huyeyushwa, zikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, zikapoa, kisha kalibu ikafunguka. Kalibu ni ghali sana, bushi moja ni rahisi. Kwa hiyo kosa likiwa ndani ya kalibu, hurudiwa katika maelfu ya bushi.

Mbunifu huanza na unene wa kuta, ambao unapaswa kulingana kila mahali. Sehemu nene huchelewa kupoa, na inapoendelea kusinyaa huacha kibonyeo juu au uwazi ndani. Penye kuhitaji nguvu, ukuta hauongezwi unene. Huwekwa mbavu nyembamba, kama nusu ya unene wa ukuta. Kona za ndani hufanywa mviringo, maana kona kali ndiyo huanza kupasuka. Kuta nazo hupewa mteremko wa kama digrii moja. Akina mama wanalijua hili: ugali hutoka kwenye bakuli lililopanuka mdomo, lakini ndani ya chombo kilichosimama wima hung'ang'ania.

Kisha kuna kusinyaa. Bushi ya Afridev ina vipande viwili vya plastiki tofauti, poliasetali na nailoni, ili visugue taratibu bila kulana. Poliasetali husinyaa karibu asilimia 2 ikipoa: kipenyo cha milimita 30 hupungua milimita 0.6 hivi. Nailoni nayo hunyonya unyevu na kuvimba kidogo. Kalibu hukatwa kwa kuhesabia hayo. Kiwanda kinachobadili plastiki kwa ajili ya unafuu bila kubadili kalibu hutoa bushi inayobana au kulegea. Iliyolegea huacha mpini ucheze, na chuma huanza kula chuma. Hapo gharama si ya bushi tena.

Basi kabla ya kulipa, mweka hazina na fundi pampu wavae kipande kimoja ndani ya kingine kwa mkono. Kizunguke bila kubana na bila kuyumba. Tazameni vibonyeo, na ndevu za plastiki kwenye mstari kalibu ilipokutana. Bushi zilizochakaa msizitupe. Ziandikeni tarehe zilipofungwa na zilipotolewa, mzilete pamoja na stakabadhi kwenye kikao cha robo mwaka.