Mama mwenye virusi: Anyonyeshe au asinyonyeshe?

MABISHANO haya si mageni kwa wakazi wa Shauri Moyo na mitaa mingine ya Eastlands. Nyanya mwenye virusi vya Ukimwi aliyejifungua mwaka wa 2001 anakumbuka alivyoshauriwa kliniki: kama ana uwezo, atumie maziwa ya mkebe. Leo binti yake, ambaye pia ana virusi, anaambiwa anyonyeshe, tena asimpe mtoto hata tone la maji kwa miezi 6. Je, nani alidanganya?

Hakuna aliyedanganya. Ushauri umebadilika kwa sababu dawa zimebadilika, na yafaa mzazi aelewe jinsi ilivyokuwa.

Ushauri wa zamani ulitokana kwa sehemu kubwa na utafiti uliofanywa hapa hapa Nairobi. Kati ya 1992 na 1998, Dkt Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwaandikisha wajawazito 425 wenye virusi. Kwa kura, baadhi walinyonyesha na wengine wakatumia maziwa ya mkebe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2000. Watoto walipotimiza miaka miwili, asilimia 36.7 ya wale wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa. Katika kundi la mkebe walikuwa asilimia 20.5.

Wengi waliishia hapo. Lakini soma na hesabu ya vifo: asilimia 24.4 kwa wa kunyonya, na 20 kwa wa mkebe, tofauti ambayo kitaalamu ni ndogo mno kutegemewa. Kumbuka pia kwamba kina mama hao walikuwa na maji safi ya jiji na walifunzwa kuchanganya maziwa. Hakuna aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi.

Sasa linganisha na nyumbani kwako. Mfereji ukikauka, maji hununuliwa kwa mtungi na hujui yalikotoka. Mkebe ukikaribia kwisha, maziwa huongezwa maji ili yafike mwisho wa mwezi. Huko Botswana, ambako serikali ilikuwa ikiwapa kina mama maziwa ya unga bila malipo, mvua kubwa za mapema 2006 zilileta ugonjwa wa kuhara. Walioumia zaidi ni watoto wasionyonya.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya: ziwa kidogo, uji kidogo, maji kidogo. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa 1999, ulionyesha kuwa watoto waliochanganyiwa waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Inadhaniwa kuwa vyakula hivyo huchubua utumbo mchanga na kuvifungulia virusi mlango. Mkaza mwana akikataa mtoto asipewe maji, mama mkwe, tafadhali usikasirike. Maziwa ya mama yenyewe yana maji ya kutosha.

Kilichogeuza mambo ni dawa. Utafiti ulioitwa Kesho Bora ulihusisha wanawake 824 wa Mombasa, Nairobi, Burkina Faso na Afrika Kusini. Baadhi walipewa dawa tatu tangu ujauzito mpaka walipomaliza kunyonyesha; wengine walipewa za muda mfupi tu. Matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa kufikia mwaka mmoja, asilimia 5.4 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wameambukizwa au, kwa lugha nyingine, karibu 5 kati ya 100. Kundi la pili ni 9.5. Tayari mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kupendekeza kunyonyesha pamoja na dawa. Siku hizi mjamzito akipatikana na virusi huanzishiwa dawa za maisha, na mtoto hupewa dawa yake tangu kuzaliwa na kupimwa akiwa na wiki 6.

Tatizo lililobaki ni kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Vizuri, lakini muuza mitumba wa Gikomba ataomba likizo kwa nani? Kwa maoni yangu, hapo ndipo sera zetu zinapochechemea.

Mama wa namna hiyo anaweza kukamua maziwa kabla ya kutoka. Osha mikono, tumia kikombe safi chenye kifuniko, na umwambie yaya ayatumie kabla ya saa nne kupita ikiwa hakuna friji. Anyweshwe kwa kikombe, si chupa, kwani chupa ni vigumu kuisafisha.

Na ukikosa dawa, hata kwa siku mbili, usimwachishe mtoto ziwa ghafla kwa ushauri wa jirani. Rudi kliniki siku hiyo hiyo, umbebe na mtoto.