Dondoo muhimu: Wastaafu kati ya Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, na nyumbani

Wazazi mliostaafu, mnaokaa kwa mtoto Guangzhou miezi kadhaa kisha mnarudi Dar au Mombasa, zingatieni haya:

1. Mkifikia nyumbani kwa mtoto, jiandikisheni kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Hoteli huwaandikisha wageni wake. Kwenye nyumba ya kupanga ni jukumu lenu. Wengi hukosea hapa wakapigwa faini. Mkienda nyumbani na kurudi, jiandikisheni upya.
2. Tembeeni na pasipoti, hata mkienda dukani tu.
3. Dawa za presha na sukari zikae begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari.
4. Unganisheni kadi ya benki na Alipay au WeChat kabla ya kusafiri.
5. Boti za matembezi ya usiku Mto Zhujiang huondokea gati la Dashatou. Fikeni mapema mpate viti vya juu, na mama asisahau mtandio. Upepo wa mtoni una baridi.
6. Epukeni kuwasili wakati wa Canton Fair, maonyesho ya biashara yanayoanza Aprili na Oktoba: vyumba vya hoteli hupanda bei.
7. Mwaka Mpya wa Kichina maduka mengi hufungwa. Wakati huo nendeni nyumbani kuwaona wajukuu.