Mashine ya Useremala Yenye Kazi Nyingi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia vifaa vidogo vya nyumbani. Somo hili linahusu kifaa kikubwa zaidi, ambacho mlaji wa kawaida hukinunua mara moja tu maishani, na mara nyingi kwa akiba ya miaka kadhaa. Ni mashine ya useremala iliyounganisha kazi nyingi katika umbo moja: kupasua mbao kwa msumeno wa duara, kupiga randa, kusawazisha unene, kutoboa matundu ya ndimi, na pengine kuchonga kingo. Makosa katika ununuzi wa kifaa hiki hayapotezi fedha peke yake. Huweza pia kupoteza vidole. Kwa hiyo tunamwomba msomaji asome taratibu.

Inavyofanya kazi

Katika mashine nyingi za bei nafuu mota moja huzungusha sehemu zote kwa mikanda. Katika mashine za bei ya juu kila kazi, au kila kundi la kazi, huwa na mota yake. Tofauti hii ni kubwa. Mota ikiwa moja, kuungua kwake husimamisha karakana nzima. Na msumeno na randa huweza kuzunguka kwa pamoja, hata kama fundi anatumia kimoja tu. Muulize muuzaji mota ni ngapi, na kama kuna namna ya kutenga sehemu isiyotumika. Asiporidhisha kwa maneno, mwombe afungue kifuniko uone mwenyewe.

Je, unaihitaji?

Faida ya mashine hii ni nafasi. Mtu mwenye chumba kimoja cha nyuma hawezi kuweka mashine nne mbalimbali. Hasara yake ni muda, kwa sababu kila unapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine hulazimika kuinua meza, kuondoa kizuizi na kupima upya. Tuchukue mfano wa meza ya chakula. Fundi mwenye mpango hupiga randa mbao zote kwanza, husawazisha unene wa zote, kisha hupasua zote, na mwisho hutoboa matundu yote. Akigundua kwamba mguu mmoja umesahaulika, hurudi mwanzo, na mguu huo mara nyingi hautalingana kabisa na wenzake, kwa kuwa vipimo vimekwisha kubadilishwa.

Anayetengeneza samani chache kwa mwezi, kwa subira, atafaidika. Anayepokea wateja kila siku na kuajiri wasaidizi wawili atajikuta watu watatu wanasubiri mashine moja. Huyo tunamshauri aanze na mashine moja imara ya randa, kisha aongeze nyingine kadiri kipato kinavyoruhusu.

Umeme

Soma bamba la chuma lililobandikwa kwenye mota, wala si tangazo la dukani. Kama limeandikwa volti 380 au 400, mota hiyo ni ya fezi tatu na haitafanya kazi kwa umeme wa kawaida wa nyumba, ambao ni fezi moja ya volti 230. Gharama ya kuunganishiwa fezi tatu ihesabiwe kabla ya kununua mashine, si baada yake.

Kwa mota ya fezi moja, fanya hesabu rahisi. Plagi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba wati 2,990 tu. Mota ya nguvu ya farasi 3 hutoa takriban wati 2,240 kwenye mhimili wake, lakini huvuta zaidi ya hizo kutoka kwenye waya, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto. Na inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Mashine ya namna hiyo inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye kikata umeme, iliyofungwa na fundi mwenye leseni na yenye waya wa ardhi. Usiitumie kwa waya wa nyongeza uliozungushwa kama kamba, kwa maana waya huo hupata joto na kuyeyuka.

Vipimo vya kufanya dukani

Nenda na ubao ulionyooka, rula ndefu ya chuma, na guni, yaani pembemraba. Kisha fanya haya.

1. Laza rula juu ya meza zote, kwa urefu na kwa mshazari. Mwanga ukipenya chini yake, meza imepinda.

2. Kata ubao kwa msumeno, pindua kipande kimoja juu chini, kisha viunganishe tena. Uwazi utakaouona ni mara mbili ya kosa la msumeno, hivyo hata kosa dogo halijifichi.

3. Piga randa kingo za mbao mbili, uziweke pamoja na kuzielekeza kwenye mwanga. Zikigusana mwanzo hadi mwisho, randa ni ya kweli.

4. Pima urefu wa meza za randa. Kwa kawaida meza hunyoosha vizuri ubao usiozidi mara mbili ya urefu wake. Meza zenye jumla ya mita 1 zitakutaabisha unapotengeneza fremu ya mlango.

5. Jaribu kwa mbao utakazozitumia. Mashine inayopasua msindano kwa wepesi huweza kukwama kwenye mninga au mkongo; na msaji, kwa kuwa una chembechembe ngumu kama mchanga, hufanya visu vibutuke upesi.

Kinga zisizokubali mjadala

Msumeno wa kipenyo cha milimita 250 unaozunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake huenda kwa kasi inayozidi kilomita 180 kwa saa. Ubao ukijifunga kwenye meno ya nyuma, hurushwa kumwelekea fundi. Kinachozuia hilo ni bamba jembamba la chuma lililosimama nyuma ya msumeno, karibu na meno, kwa nafasi isiyozidi milimita 8. Mashine isiyokuwa nalo usiinunue, hata ukipunguziwa bei. Hakikisha pia kuwa kuna kifuniko juu ya msumeno, na kinga inayofunika visu vya randa. Kichwa cha visu hivyo kiwe cha mviringo. Kile cha pembe nne huacha uwazi unaoweza kumeza mkono.

Jambo jingine ni swichi. Umeme ukikatika na kurudi, mashine yenye swichi duni huanza kuzunguka yenyewe, pengine mkono wako ukiwa juu ya kisu. Iwashe mashine dukani, zima umeme ukutani, kisha urudishe. Mashine nzuri hubaki kimya mpaka ibonyezwe tena.

Nyumbani, tumia kijiti kusukuma vipande vidogo, usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia, wala usipige randa kipande kifupi kuliko sentimita 30. Vumbi la mbao nalo si la kupuuzwa: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya vumbi, na ufanye kazi mahali penye hewa.

Karatasi na haki

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyolingana na maelezo ya muuzaji. Lakini haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuidai. Dai risiti ya EFD yenye jina la mashine, modeli na namba yake. Mwambie muuzaji kazi unayokusudia kuifanya, na aiandike. Dhamana iwe ya maandishi, ikieleza muda, sehemu zinazohusika, na nani hulipa usafiri wa kurudisha mashine. Uliza pia kama mikanda, beringi na visu vyake hupatikana katika maduka ya kawaida, na tundu la katikati la msumeno ni la milimita ngapi.

Maswali ya kujipima

Je, nimesoma bamba la mota? Je, nimekata ubao na kuupindua? Je, bamba la nyuma ya msumeno lipo? Je, nimejaribu swichi? Je, ahadi zote zimeandikwa? Jibu moja likiwa "hapana", rudi nyumbani na fedha zako. Mashine itakuwapo kesho, na vidole vyako pia.