Kuanza Kulima Pamba Simiyu: Kagua Kabla ya Kulipa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu ni miongoni mwa zile zinazotoa pamba nyingi kuliko nyingine nchini. Kila msimu wapo watu wanaolima kwa mara ya kwanza: vijana waliopewa ekari moja na wazazi, watumishi waliokodi shamba, na akina mama walioamua kuwa na mazao yao wenyewe. Somo hili tumewaandalia hao.

Mkulima ni mzalishaji, lakini kabla ya kuwa mzalishaji ni mlaji. Hukodi ardhi, hununua mbegu, hulipia plau na viuatilifu. Tofauti yake na mnunuzi wa sukari ni kwamba kasoro ya alichonunua huonekana baada ya wiki au miezi, wakati mvua imekwisha kupita na fedha haiwezi tena kurudisha msimu. Kwa sababu hiyo tunasisitiza jambo moja katika kila hatua: kagua kabla ya kulipa, na tunza ushahidi baada ya kulipa.

1. Zao lenyewe liwe halali

Tunaanza hapa kwa kuwa tunaulizwa mara kwa mara kuhusu bangi. Madalali huwaambia wakulima wapya kwamba bangi "ya dawa" au "ya viwandani" imeruhusiwa, kwamba mnunuzi yupo, na kwamba kinachotakiwa ni kulipia mbegu tu. Ni kweli kwamba baadhi ya nchi za Afrika, kama Lesotho na Malawi, hutoa leseni za kilimo hicho. Leseni ya nchi nyingine haimkingi mtu aliyepanda Tanzania. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi na mirungi, na wapo wakulima waliohukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwenye ardhi anayeruhusu shamba lake litumike kwa kilimo hicho naye hutenda kosa. Kwa hiyo anayekuuzia mbegu hizo hakuuzii fursa. Fedha yako ataondoka nayo, na kesi itabaki kwako. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea taarifa kwa simu namba 119.

2. Kukodi na kupima shamba

Wakulima wa Usukumani wamezijua na kuzipa majina aina za udongo wao tangu zamani. Udongo wa luseni, wenye mchanga na usiotuamisha maji, huifaa pamba. Udongo wa itogolo na wa mbuga hushika maji, na mara nyingi ndiko yanakochimbwa majaluba ya mpunga. Usikodi shamba kwa kuliona wakati wa kiangazi pekee, maana udongo wote huonekana mkavu wakati huo. Waulize majirani maji hukaa wapi mvua ikinyesha siku mbili mfululizo.

Kisha pima. Desturi yetu ni kusema ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho hukaribia ukweli iwapo kila hatua ina takriban sentimita 91, yaani karibu mita 64 kila upande. Hatua ikiwa ya sentimita 80, utapata mita 56 kwa 56, nawe utakuwa umelipia ekari nzima na kupewa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Hasara hiyo hujirudia katika malipo ya plau na ya palizi, kwani nayo hulipwa kwa ekari. Tumia kamba iliyopimwa, mbele ya mwenye shamba, na mapatano yaandikwe na kushuhudiwa.

Ikiwa msimu uliopita shamba lilikuwa na pamba, hakikisha mabua yalikwisha kung'olewa na kuteketezwa. Kanuni za zao hili hutaka kazi hiyo ikamilike kabla ya tarehe 15 Septemba, ili wadudu wasipate makao hadi msimu unaofuata.

3. Kupata mbegu

Mbegu za pamba za ukanda wetu zimetokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa kituo cha Ukiriguru, mkoani Mwanza. Herufi "UK" katika majina kama UK91 na UKM08 zinatokana na jina la kituo hicho. Pata mbegu kupitia chama chako cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, au kwa msambazaji anayetambuliwa na Bodi ya Pamba Tanzania. Mbegu iliyothibitishwa huwa na lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Soma lebo: jina la mbegu, tarehe ya kupimwa na kiwango cha uotaji. Usipokee mbegu zilizopimwa kwa kopo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, kwa kuwa huna namna ya kujua asili yake.

Hata lebo ikiwa sahihi, mbegu iliyohifadhiwa kwenye joto au unyevu hufa. Lipo jaribio ambalo kila mkulima anaweza kulifanya nyumbani:

(a) Hesabu mbegu 100 bila kuchagua.
(b) Zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali penye joto la kawaida. Usiache kitambaa kikauke.
(c) Baada ya siku saba, hesabu zilizoota.

Zikiota 90, panda kwa utulivu. Zikiota 40, zaidi ya nusu ya fedha yako ilikuwa imepotea kabla ya mvua ya kwanza. Rudisha mbegu ulikozipata, ukiwa na lebo na stakabadhi. Jaribio hili lifanyike mapema, wakati bado kuna nafasi ya kupata nyingine. Mbegu zilizotiwa dawa zishikwe kwa tahadhari, mikono ioshwe, na kamwe zisiliwe wala kulishwa mifugo.

Ikiwa unapewa mbegu kwa mkopo, omba maandishi yanayoonyesha kilo, bei na tarehe. Makato ya siku ya mauzo yatafanywa kwa kufuata maandishi, si kwa kumbukumbu ya mtu.

4. Kupanda na kutunza

Katika ukanda wetu muda unaoshauriwa wa kupanda ni kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba. Anayechelewa hupunguza siku za mvua ambazo mmea unazihitaji wakati wa kuweka vitumba. Panda kwa mstari, kwa kamba yenye alama, kwa nafasi inayoelekezwa na Bodi. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, ekari moja huwa na mashimo takriban 22,000. Fukia mbegu kwa kina cha sentimita mbili hadi tatu. Mbegu iliyozama mno huchoka kabla ya kuuona mwanga.

Palizi ya kwanza ifanyike mapema, takriban wiki mbili baada ya miche kuchomoza. Punguzia miche ikiwa bado midogo. Mkulima mpya huona uchungu kung'oa mche wenye afya, lakini miche minne katika shimo moja hugombania maji yaleyale, na mwisho hakuna unaozaa vizuri.

5. Viuatilifu

Adui wakubwa wa pamba ni funza wa vitumba, vidukari, chawajani na kangambili. Usipulize kwa sababu jirani amepuliza. Pita shambani kila wiki, kagua mimea sehemu mbalimbali, na umwombe afisa ugani akuonyeshe kiwango cha wadudu kinachohalalisha gharama ya dawa. Wapo wadudu wanaowala wadudu waharibifu, na dawa isiyo ya lazima huwaua hao kwanza.

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chupa iwe na lakiri isiyovunjwa, lebo inayosomeka, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Rangi ya mkanda ulio chini ya lebo huonyesha ukali wa sumu, na nyekundu ndiyo kali kupita zote. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au ya maji usiinunue kwa bei yoyote. Imewahi kunywewa na watoto katika nyumba nyingi.

Jihadhari pia na bomba la kuazima. Pamba huathirika sana na dawa ya magugu aina ya 2,4-D, ambayo baadhi ya wakulima huitumia katika mahindi. Mabaki machache ndani ya bomba yanatosha kusokota majani ya shamba zima.

6. Kuchuma na kuuza

Chuma pamba ikiwa kavu, na utenganishe pamba safi na pamba fifi tangu shambani. Tumia mifuko ya nguo au vikapu. Nyuzi za mifuko ya plastiki huingia katika pamba na kushusha thamani yake kiwandani. Kutia maji au mchanga ni kosa kisheria, na huharibu soko la wote.

Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Hapo mlaji anageuka kuwa muuzaji, lakini ukaguzi ni uleule. Angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika, na kama inasoma sifuri kabla ya mzigo kuwekwa. Una haki ya kusimama mahali unapoona tarakimu. Tuchukulie mizani inapunja kilo mbili katika kila kilo 50: mwenye kilo 600 atapoteza kilo 24, na hatajua. Kabla ya kuondoka, soma stakabadhi mbele ya karani: jina, daraja, kilo, bei na makato.

7. Ukipata tatizo

Malalamiko yenye ushahidi husikilizwa haraka kuliko yenye hasira. Hifadhi pamoja lebo za mbegu, chupa tupu za dawa zikiwa zimefungwa mbali na watoto, stakabadhi na mapatano ya shamba. Anza kwa aliyekuuzia, kisha AMCOS au afisa ugani wa kata. Lisipotatuliwa, suala la mbegu lipeleke TOSCI, la dawa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, la mizani kwa Wakala wa Vipimo, na la ununuzi wa pamba kwa Bodi ya Pamba.

Maswali ya kujipima

Je, nimepima shamba kwa kamba? Je, nimezijaribu mbegu 100? Je, ninayo maandishi ya kila nilichokopa? Je, bomba nitakalotumia lilipuliza nini mara ya mwisho? Atakayejibu maswali haya manne kabla ya mvua za Novemba ameanza vizuri, hata kama shamba lake ni ekari moja tu.