HESABU YA SHULE PENYE WATU WACHACHE
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Huenda umepata kusikia kwamba watoto wengi wa Marsabit hawasomi kwa sababu wazazi wao wanapenda ngamia kuliko vitabu. Mimi ni mtoto wa huko, nami naomba tulipime neno hili kwa hesabu kabla ya kumlaumu mtu.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Marsabit ilikuwa na watu 459,785 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 70,900; yaani watu 6 tu kwa kila kilomita ya mraba. Vihiga, ambayo nayo ni kaunti ya mashamba, ilikuwa na watu 1,047.

Sasa chukua kalamu. Tuseme mtoto mdogo aweza kutembea kilomita 3 kwenda shule. Chora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3, shule iwe katikati. Eneo lake ni 3.14 × 3 × 3, yaani kilomita za mraba 28 na kidogo. Zidisha kwa 6, utapata watu 170 hivi. Tukikadiria kuwa mmoja katika kila watano ni mtoto wa shule ya msingi, watoto ni 34. Wagawe katika madarasa 6: kila darasa lina watoto 5 au 6. Duara hilo hilo ukilichora Vihiga, litakuwa na watoto zaidi ya 5,000.

Tena watu hawakai sawasawa kama tulivyokadiria. Hukusanyika mijini na penye visima, na mvua ikikosekana wafugaji huhama na mifugo yao. Shule haihami.

Jambo la pili ni fedha. Tangu karo ya shule za msingi za serikali ilipoondolewa mwaka 2003, ruzuku hutolewa kwa kila mwanafunzi. Kwa kiwango cha shilingi 1,420 kwa mwaka, shule ya watoto 34 hupata shilingi 48,280, na ya watoto 400 hupata 568,000. Mishahara ya walimu hulipwa mbali, ni kweli. Lakini paa la shule ndogo huvuja kama la shule kubwa, na tangi la maji halipunguzwi bei.

Dawa zipo. Shule za bweni hukusanya watoto wa mbali, ila zataka chakula, magodoro, na mzazi aliye tayari kuachana na mtoto wa miaka saba. Shule za kuhamahama humtuma mwalimu afuatane na wafugaji, ila yataka mwalimu mvumilivu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka hata baraza la taifa la kuangalia elimu ya wahamaji.

Mimi nilipelekwa bweni. Dada yangu, aliyekuwa akinishinda kuhesabu mbuzi, alibaki nyumbani kuteka maji. Baba hakuchukia vitabu. Alipiga hesabu ya njia, ya maji na ya matumizi, na jibu lake likawa mtoto mmoja.

Basi, wenzangu, siku moja baadhi yetu tutakuwa walimu na maofisa wa elimu. Tutakapouliza shule ina watoto wangapi, tusisahau kuuliza wametoka umbali gani, na ni nani aliyebaki kisimani.